Kengele ya Chumba cha Baridi

Benchi letu liko mkabala na ghala la maziwa. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto mgongoni, na mara nyingi nasikiliza tu. Jana fundi wa majokofu ya ghala hilo, tunayemwita Baridi, alikaa na simu mapajani. Kipimajoto kilichomo ndani ya chumba cha baridi humtumia kiwango cha joto kwenye simu muda wote, na likiruka ghafla simu hulia. Wiki iliyopita maziwa yalichacha, na bosi akamwambia yakichacha tena asirudi kazini.

Simu ikalia.

Baridi: Yaani tena! Kila nikikimbia huko nakuta mtu kafungua mlango tu!

Dokta, fundi simu: Si nilikwambia uipunguze makali? Ilie joto likiruka sana, si kila mtu akikohoa.

Baridi: Niliipunguza, Dokta. Ikaja kulia maziwa yameshachacha!

Mjomba, fundi cherehani: Nyie hamjui. Hicho kidude kinatuona. Kinasubiri uinue kikombe.

Dokta: Mjomba, kashone suruali za watu.

Mjomba: Na maziwa yenyewe yana hasira. Ng'ombe akikamuliwa na mtu aliyegombana na mkewe, hayo maziwa yatatulia vipi?

Baridi: Kwa hiyo nikamwambie bosi apatanishe ndoa za watu?

Simu ikalia tena. Baridi akashika kichwa.

Dokta: Hebu lete hapa!

Akaipokonya, akabonyeza huku na kule. Kimya.

Dokta: Umeona? Nyuzi joto nne. Imetulia tuli.

Mjomba: Imekuogopa.

Baridi: Niacheni ninywe kahawa ya moto, jamani. Wiki nzima nainywa imepoa.

Akavua viatu, akanyoosha miguu. Nikammiminia. Simu ikasema nne. Nikammiminia cha pili. Bado nne. Hata mimi nikamfurahia.

Ndipo akaja mpakizi wa ghala, shati limelowa jasho. Akachungulia simu mkononi mwa Dokta.

Mpakizi: Hiyo nne ni ya wapi?

Baridi: Ya chumba chenu cha baridi, kaka. Leo kimetulia.

Mpakizi: Mbona mlango tumeuegesha wazi muda wote huu, tunapakia lori?

Dokta akaibonyeza simu tena huku na kule. Baridi alishavuka barabara peku, anakimbia, na simu mkononi mwa Dokta bado ilisema nne.