Dada Polepole na Mguu Msafi

Wasikilizaji wapendwa, habari za wakati huu. Ndiyo, ni mimi yuleyule. Mmenizoea kwa kupayuka siku za mpira mpaka majirani zenu wanagonga ukuta. Leo nimekalishwa kwenye kiti cha kumbukumbu, na fundi mitambo wetu amenionya nisipige kelele. Nimemwambia nitajitahidi.

Leo tunamkumbuka mwanamke tuliyemzika juzi baada ya kuugua muda mfupi. Alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mhudumu. Kazi yake ilikuwa kuosha vifaa vya upasuaji, kuvifunga kwenye vitambaa, kuviingiza kwenye mashine ya mvuke ili vijidudu vife, kisha kuvipeleka kwa daktari vikiwa salama. Hospitali nzima ilimwita Dada Polepole. Ilifika mahali hata mama yake mzazi akamwita hivyo.

Jina hilo hakupewa bure. Wenzake wakikimbia koridoni, yeye anatembea. Trei ameishika kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavuni, macho mbele. Mkasi haukupita kwake mpaka aufungue na kusugua pale makali yanapokutana, maana alijua uchafu hupenda kujificha hapo. Kisu cha upasuaji hakukipokea mkononi mwa mtu. Unakiweka kwanza kwenye sahani, naye anakichukua kwenye sahani. Ukimnyooshea mkononi, anakutazama tu, mikono yake iko nyuma, mpaka ukumbuke mwenyewe.

Na nyumbani ilikuwa hivyohivyo! Samahani, fundi mitambo, nimejisahau. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mume wake ameniambia alipomtamkia habari ya kuoana, jibu lilichelewa mpaka yeye akaanza kuomba radhi kwa kuuliza. Binti yake naye amecheka huku machozi yakimtoka. Amesema, "Mama akitoka jikoni na chai, unaweza kusinzia na kuamka bado yuko njiani. Lakini hakuwahi kuimwaga."

Sasa, kazini si wote waliochekeshwa. Msimamizi wa chumba cha upasuaji, mama mmoja asiyependa mchezo, alikuwa amechoka kusikia madaktari wakilalamika kwamba vifaa vinachelewa. Akamwita Dada Polepole pembeni. Akamwambia upasuaji ukiahirishwa tena kwa sababu yake, anahamia chumba cha kufulia. Kufua mashuka ni kazi ya heshima kabisa, wasikilizaji wapendwa. Lakini Dada Polepole moyo wake ulikuwa kwenye vile vyuma, na alirudi nyumbani siku ile akakosa hamu ya kula.

Lishikeni hilo, maana hapa ndipo mpira unapoanza.

Dada Polepole alikuwa na mdogo wake wa mwisho. Ninyi mnamjua! Ni Kiberiti, winga wetu, yule mfupi anayewaka ghafla na beki anabaki ameshika kiuno. Dada mtu alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, na ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya mpira. Kila kitu cha Kiberiti kilikuwa kwenye mguu wake wa kushoto: mkate wake, jina lake, nyumba aliyokuwa akimjengea mama yao. Na mguu huo huo ndio ukavunjika, mfupa wa ugoko, mbele ya macho yangu. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi nikakosa la kusema. Wengi mnakumbuka, maana ni siku pekee niliyonyamaza hewani.

Ikaamuliwa awekewe bamba la chuma kwenye mfupa. Daktari wa mifupa alitoka mbali, na jioni ya siku ya upasuaji alikuwa aondoke. Msimamizi akamwambia Dada Polepole apumzike, kwa kuwa mgonjwa ni damu yake. Dada akajibu kwamba akikaa nje atakula kucha zake zote. Akaruhusiwa kubaki.

Haya niliyasikia kwa msimamizi mwenyewe, kwenye msiba. Kiberiti ameshalazwa mezani, ameshapewa dawa ya usingizi. Daktari ameshanawa, ameshavaa glavu, mikono iko juu, anasubiri. Dada Polepole anakuja na trei ya vifaa vya mifupa, imefungwa vizuri, imekauka. Anafika mlangoni. Anageuka, anausukuma mlango kwa mgongo kama siku zote. Na anapopita, kitasa kinagusa pembe ya kitambaa. Mguso mdogo tu. Hakuna aliyeuona. Hakuna aliyeusikia. Ni yeye peke yake aliyeuhisi vidoleni.

Akaiweka trei kando, mbali na meza safi. Akainua ile pembe kuelekea kwenye taa. Palikuwa na tundu dogo, sawa na punje ya mchele, chini ya mkunjo. Akiushusha mkunjo, halionekani.

Hebu simameni naye pale, wasikilizaji wapendwa. Akisema, upasuaji unaahirishwa, na yeye anakwenda kufua mashuka. Akisema, daktari huenda akaondoka na mdogo wake akabaki na mguu uliovunjika. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini kitambaa kikitoboka, vifaa vilivyo ndani havihesabiwi tena kuwa salama. Vijidudu vikiingia kwenye mfupa vinajenga humo. Mfupa unatunga usaha, na mguu unaweza kukatwa. Mguu ule wa kushoto.

Msimamizi anasema Dada Polepole, ambaye hakuwahi kufanya lolote haraka, safari hii hakuchelewa hata kidogo.

"Daktari, usivifungue hivi. Kitambaa kimetoboka. Ni mimi, nimekitoboa mlangoni."

Daktari akaja, akaonyeshwa. Akashusha mikono na kuguna. Akasema mgonjwa aamshwe, na akauliza kama kuna seti nyingine. Ilikuwepo moja, lakini ilikuwa imetoka kutumika, bado iko kwenye karai la kuoshea. Daktari akatazama saa ya ukutani. Begi lake lilikuwa tayari kwenye gari. Akavua glavu, akatoka, akakaa kwenye benchi koridoni amenuna, karibu na mama yake Kiberiti, bila kujua yule ni nani. Mama wa watu akamkaribisha chai ya chupa. Akanywa.

Sasa fikirini mechi imefika muda wa nyongeza! Dada Polepole yuko chumba cha kuoshea, amevaa aproni na glavu nene, anasugua. Anafungua kila kiungo. Anasuuza, anakausha, anafunga, anaingiza kwenye mashine. Watu wanachungulia mlangoni. Bado? Bado. Muuguzi anakuja. Bado? Bado. Mtaalamu wa usingizi anakuja. Bado. Mashine inalia kwamba mvuke umekwisha, watu wanasimama, na yeye hafungui! Anasema seti bado inakaushwa. Msimamizi mwenyewe akaja, akamwambia itoe sasa hivi, daktari anaondoka. Dada Polepole machozi yanamlengalenga. Akamjibu kwa upole kwamba kitambaa kikitoka kimelowa, kinapitisha vijidudu, na itabidi waanze upya. Kisha akageukia mashine na kuendelea kusubiri.

Msimamizi ananiambia pale ndipo alipotaka kukasirika, akashindwa. Alimwona mtu ambaye mdogo wake yuko ng'ambo ya ukuta, mwenye sababu kuliko wote ya kuharakisha, na bado hataki kuharakisha.

Na daktari? Daktari alikuwa bado benchini. Mama alikuwa ameshamsimulia utoto wote wa Kiberiti, na nadhani alishindwa kupata mahali pa kuaga.

Seti ikatoka. Ikapoa. Imekauka. Dada Polepole akaibeba, mikono miwili, viwiko vimebana. Akafika kwenye mlango uleule. Akasita. Na hapo msimamizi, mama yule asiyependa mchezo, akatangulia, akausukuma mlango kwa bega lake, na kitasa akakifunika kwa kiganja.

"Pita, dada," akasema.

Akapita.

Kiberiti alipozinduka jioni, alimkuta dada yake ameketi kando ya kitanda. "Aliniambia kabla hata sijaomba maji," Kiberiti amenisimulia. "Akasema, mdogo wangu, leo umelazwa usingizi mara mbili, na ya kwanza kosa ni langu. Nikamuuliza, mguu upo? Akasema upo. Nikamwambia basi nipe maji."

Asubuhi yake aliitwa kwa msimamizi. Alikwenda na aproni yake imekunjwa, tayari kuikabidhi. Msimamizi akamwambia adhabu yake ni kukitafutia dawa kile kitasa. Dada Polepole akaja na mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, akausafisha, akakizungushia kitasa mpaka kikawa laini. Mpira huo upo mpaka leo hii. Fundi rangi alitaka kuubandua majuzi, akakemewa na chumba kizima.

Na kuna desturi aliyoiacha mle ndani. Mtu akiangusha kifaa, akigusa pasipoguswa, anasema papo hapo, "Ni mimi." Hafokewi. Kifaa kinaondolewa, kinaletwa kingine, kazi inaendelea. Binti yake anasema hata nyumbani glasi ikivunjika utasikia sauti jikoni: "Ni mimi."

Mnataka kujua habari za mguu? Mnazijua! Kiberiti alirudi uwanjani, akapokea mpira pembeni, akamwacha wa kwanza, akamwacha wa pili, akaachia shuti la kushoto, na mimi nikapayuka hapa mpaka sauti ikakatika kwamba ule ni mguu wa dhahabu. Baada ya mechi simu ya studio ikalia. Mwanamke, anaongea taratibu, nikadhani laini ni mbovu.

"Mtangazaji, kaka yangu," akaniambia, "ule si mguu wa dhahabu. Ni mguu msafi."

Akakata simu. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Dada Polepole, mhudumu wa chumba cha upasuaji. Nilimpenda papo hapo.

Kwa mume wake, binti yake, mama yake na mdogo wake Kiberiti, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Na pole ziwafikie wote wanaoosha, wanaofunga na wanaobeba vifaa ambavyo sisi tukiwa tumelala usingizi wa dawa hatuvioni. Nawe msikilizaji, leo ukiwa peke yako, jiulize kama kuna tundu ulilolifunika kwa mkunjo kwa kuwa hakuna aliyekuona. Bado unaweza kusema.

Mimi nawaachia nililoliona juzi. Tulipombeba kutoka nyumbani, vijana wa timu ndio walioshika jeneza, na vijana wale wana mbio hata wakiwa na huzuni. Tukakaribia geti. Kiberiti, mtu mwenye kasi kuliko wote niliowahi kuwatangaza, akawasimamisha. "Polepole," akawaambia. Akatangulia, akafika getini, komeo lililokuwa limechomoza akalifunika kwa kiganja, mpaka kitambaa kilichofunika jeneza la dada yake kikapita chote.