Maneno ya Mwisho ya Mzee Yiamat

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja msibani. Leo tunamlilia Mzee Yiamat, mrina asali, aliyefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwa binti yake huko Ngaramtoni. Mzee Yiamat, mrina asali wa msituni.

Alizaliwa ndani ya msitu wa Mlima Meru, katika ukoo mdogo ulioishi kwa asali, mizizi na nyama ya porini. Ng'ombe hawakuwa nao. Shamba hawakuwa nalo. Walikuwa na lugha yao. Msitu ulipofanywa hifadhi, wakateremshwa. Yiamat alishuka na mkewe, Sinyati, na mzinga mmoja begani.

Huku chini, asiye na ng'ombe hakuhesabiwa. Akawa mlinzi wa karakana huko Ngarenaro. Binti yao Lydia alipoanza shule, siku ya kwanza tu alirudi analia. Wenzake walikuwa wameicheka lugha yake, wakamwita mtoto wa nyani. Mzee akamfuta machozi, akamgeukia mkewe. "Kuanzia leo, mbele ya mtoto ni Kimaasai na Kiswahili tu." Ikawa hivyo. Lugha ya msituni ikabaki kwa kunong'ona, jikoni, mtoto akishalala.

Watu wa ukoo wakaisha mmoja mmoja. Miaka miwili iliyopita akaondoka Sinyati. Majirani wakaanza kumsikia mzee akiongea peke yake uani. Wakasema amechanganyikiwa.

Lydia anasimulia: "Nilimwambia, shikamoo baba, unaongea na nani? Akasema, 'Naiongea isije ikanipotea.' Nikamuuliza, mbona mimi uliacha kunifundisha? Akasema, 'Nilitaka ukae na watu bila kuchekwa, mwanangu.'"

Lydia akatafuta daftari. Akajifunza upya maneno kumi na moja, maana yale ya utotoni yalishamtoka yote. Maji. Moto. Nyuki. Asali. Kumi na moja tu, kisha mzee akapigwa na kiharusi.

Wasikilizaji wapendwa, kiharusi kile kilimnyang'anya Kiswahili. Kikamnyang'anya Kimaasai. Kikamwachia lugha ya msituni peke yake. Kwa wiki tatu Mzee Yiamat aliongea, tena kwa kirefu, amemshika binti yake mkono, akinyamaza kusubiri jibu. Hakuna aliyemwelewa.

Siku moja Lydia akanasa neno analolijua: asali. Akakimbia sokoni, akarudi na chupa. Mzee akaonja kidogo. Akamtazama, akaongea, machozi yanamtoka.

"Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru au ananiambia siyo hiyo," anasema Lydia. "Nikamjibu kwa maneno yangu yote kumi na moja, hovyo hovyo, yasiyo na maana. Akatulia kama mtoto." Kesho yake alfajiri akafariki.

Kwako Lydia, na kwa wajukuu wa Mzee Yiamat, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tuliyemcheka hata akaificha lugha ya mama yake?

Lydia aliirekodi sauti ya baba yake kwa simu, karibu saa mbili nzima. Ameileta hapa studio. Anaomba kama yupo popote, hata mmoja, anayeielewa lugha hiyo, atupigie. Anataka kujua baba yake alisema nini.

Tangu asubuhi tumelitangaza ombi hilo. Hadi sasa, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyepiga.