Ombi la Wanakwaya kwa Ajili ya Mwalimu wa Nyimbo za Kigiriki

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Chuo, karibu. Viti vyetu ni vigumu, lakini umekaribishwa kwa moyo mweupe.

HISTORIA

Sisi ni mafundi cherehani, wauguzi, wapishi, na dereva mmoja mwenye sauti ya besi ya kutikisa madirisha. Mwalimu alitukusanya ukumbini humu chuoni akatuletea mashairi ya Wagiriki wa kale. Yalitungwa yaimbwe kwa kinubi. Maneno yamebaki, tuni zimepotea. Basi yeye akayatungia muziki mpya, wa piano na sauti zetu hizi. Fundi cherehani aliuliza, "Mwalimu, Kiswahili chenyewe kinatupiga chenga, Kigiriki tutakiweza?"

Akajibu, "Kuachwa na mpenzi mnakujua? Basi nusu mmeshaelewa."

MAFANIKIO

Leo tunaimba bila kutazama karatasi. Waliokuwa wakitucheka dirishani, wengine sasa wamo kwayani.

CHANGAMOTO

Mwaka jana Mwalimu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakamkimbia, akitaka kusema "maji," husema "mlango." Ofisi ya Chuo ikampumzisha, maana mwalimu asiyeweza kusema atafundishaje? Hatuilaumu. Hata sisi tulidhani hivyo.

Tulikwenda kumjulia hali, tukakaa naye sebuleni. Muuguzi mmoja akaanza taratibu wimbo wa wapendanao wanaoagana. Mwalimu akaupokea. Aliimba ubeti mzima, Kigiriki chote, bila kukwama. Dereva alipokosea noti, Mwalimu alimkazia macho, akamwimbia iliyo sahihi. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Endeleeni, wanangu," alisema. "Msinyamaze."

Tangu hapo tunafanyia mazoezi kwake. Hufundisha kwa kuimba na kwa mkono wa kushoto. Wimbo wa mwisho wa leo ameutunga akiwa katika hali hiyo.

OMBI

Mgeni rasmi, ratiba inasema tutaongozwa na mwalimu mpya. Tunamheshimu, na mwenyewe ametuambia yuko tayari kumpisha mwenzake. Lakini hawezi bila kauli yako.

Mwalimu yuko safu ya nyuma, kando ya mkewe. Hakujua kama tumeandika haya. Tunakuomba umwite apande jukwaani. Asipokujibu kwa maneno, usidhani amekudharau. Mpe nafasi ainue mkono, usikie jibu lake.

Mungu akuzidishie afya, wewe na wa nyumbani kwako, na akupe wepesi wa kutukubalia.

Ni sisi,
Kwaya ya Jioni ya Ukumbi Mdogo.