Shangazi Rejesta na Kanuni ya Saba

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara yetu ya Kumbukumbu za Uhamiaji, Shangazi Rejesta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kama mpanga majalada, akapandishwa cheo mara moja, na ndiye pekee anayejua kabati lipi hufunguka kwa teke na lipi kwa kubembelezwa.

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu mababu. Wateja wote walikuja wakiwa wajukuu wa watawala. Rejesta zikasema mfua nguo, kinyozi, kinyozi tena. Mheshimiwa mmoja, aliyekwisha kuagiza sanamu ya babu yake daktari, aliambiwa kwa upole kwamba babu aliingia nchini kama mtunza nyani wa sarakasi, na kwamba kati ya wawili hao ni nyani tu aliyekuwa na hati kamili.

Babu mmoja tu hakumtafuta: wake mwenyewe. Kanuni ya Saba, iliyotundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo, inasema mtumishi asijitafutie ukoo wake. Mama yake, ambaye sasa ana miaka themanini na sita, alilelewa na mama zake wadogo, waliomwambia kwamba baba yake alipanda meli siku aliposikia habari za mimba. Kila mwaka bibi huyo aliketi kwenye benchi letu na kusema jambo lile lile: "Kama alinikimbia, niambieni nikiwa hai."

Shangazi alimletea chai, akamwonyesha Kanuni. Mkurugenzi akampa cheti cha uadilifu.

Mpango wa Shangazi ulikuwa kupanga foleni tarehe mosi Julai kama raia yeyote na kujaza fomu, ambayo hushughulikiwa kwa miezi kumi na minane. Tulipopiga hesabu ya umri wa mama ndipo tukaisoma Kanuni upya. Inakataza kujitafutia, haikatazi kutafutiana. Ofisi nzima inayojigamba kusoma wino uliofifia, na hakuna aliyeliona hilo, mimi nikiwemo. Tunaona aibu.

Kazi yenyewe ilichukua dakika arobaini. Rejesta ya Waliotoka, ukurasa wa 212: fundi viatu, miaka ishirini na mitatu, mkataba wa kazi ng'ambo. Anaomba kusafiri na "mke, na mtoto atakayezaliwa". Juu yake pana muhuri: LIMEKATALIWA. Sababu: picha ya mtoto haikuambatanishwa. Nyuma zimebanwa barua nne alizotuma kutoka huko, zote akiwaombea wamfuate, kila moja na muhuri ule ule wa kukataliwa. Muhuri ni wa idara yetu.

Nakala zimo katika bahasha ya zawadi, pamoja na seti ya glasi ambayo Mkurugenzi alisisitiza.

Asante, Shangazi, kwa mababu wote uliowarudisha kwa wenyewe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na foleni. Ila leo usingoje hotuba ziishe. Wahi nyumbani, umwambie mama hakukimbiwa.