Anayeongoza Ligi Hayupo

Benchi la pale kona ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, katikati ya duka la vifaa vya ujenzi na kibanda cha cherehani, na anayekaa mwisho wake wa kulia hupata ukuta wa kuegemea. Ukuta huo ndio kombe. Watu wa benchi wana ligi yao ya fantasi: kila mmoja anachagua kwenye simu wachezaji wa timu za kweli, wakifunga mabao yeye anavuna pointi, wakilala analala nao. Anayeongoza msimamo ndiye huegemea ukuta, wengine wakae wima kama wako mahakamani. Ijumaa hiyo alasiri watu walikuwa wamebanana upande wa kushoto na ukuta ulikuwa mtupu, kwa kuwa anayeongoza ni Kamishna, fundi viatu, na Kamishna hajakanyaga pale tangu wenzake walipomvua usimamizi wa ligi. Kikosi chake hajakigusa tangu siku hiyo. Hajabadilisha mchezaji hata mmoja, na bado yuko namba moja.

— Tunachagua kamishna mpya au tunakunywa kahawa tu? akauliza Mkasi.

Mkasi ndiye fundi cherehani. Jina alilipata kidogo kwa kukata vitambaa, zaidi kwa kukata maneno ya watu.

— Kura ya tatu hii, akasema Asilimia wa duka la vifaa, ambaye hajawahi kusema jambo bila kulipimia kwa mia. Nilichaguliwa mimi, mkanitoa.

— Ulitunga sheria nyingi kuliko misumari ya dukani kwako.

— Asilimia tisini zilikuwa za lazima! Kisha mkamchagua Kipa, akasahau kupanga hata kikosi chake mwenyewe.

— Nilikuwa zamu, akajitetea Kipa. Kipa ni mlinzi wa benki iliyo ng'ambo ya barabara. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kulaumiwa kwa kila kinachopita. — Lakini sikilizeni. Kamishna mpya, awe nani awe nani, kazi yake ya kwanza ni kufuta timu ya yule bwana. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Lipo, akasema Asilimia. Liko namba moja.

— Basi walisema pia mpanda ngazi hushuka.

— Sasa mbona yeye hashuki?

— Labda kaondoka na ngazi.

Wakacheka. Mkasi naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika mapema. Alitazama ng'ambo ya kona, kwenye kibanda kilichokuwa cha Kamishna. Wiki chache baada ya ile kura kibanda kile kilifungwa, na benchi likasema amesusa, mwacheni, hasira zikipoa atarudi. Kisha kikafunguliwa, na ndani alikuwa mtu mwingine kabisa anauza chaja na vioo vya simu.

Kura yenyewe aliianzisha Mkasi. Kamishna alikuwa na desturi moja: kila Ijumaa, kabla ya saa ya kufunga vikosi, alimpigia simu kila mtu wa ligi, mmoja mmoja, kumuuliza kama amepanga. Angeishia hapo, pengine angekuwa kamishna mpaka leo. Lakini hakuishia hapo. Alikuuliza nahodha wako nani, halafu akakuuliza mgongo unaendeleaje, mama amekunywa dawa, na yule mtoto mtihani aliuonaje. Siku moja akapiga wakati Mkasi amezungukwa na mashangazi wa bibi harusi, gauni halijafunga kifungo na kila shangazi ana lake. Mkasi akaikata simu. Kikosi hakukipanga, nahodha wake akala kadi nyekundu, na Mkasi akaburuza mkia. Aliporudi kuomba ahurumiwe, Kamishna akasema pole kaka, sheria ni ya wote, nilikupigia. Hapo ndipo Mkasi aliposimama mbele ya benchi na kutamka neno lake, ambalo watu walilirudia wiki nzima:

— Ligi inataka kamishna, haitaki mama mkwe!

Watu walivunjika mbavu. Mikono ikanyooka. Kamishna mwenyewe alicheka, akasema haya jamani, wengi wape, akamaliza kahawa yake na kurudi kushona kiatu. Mkasi alikuwa akijitetea moyoni kwamba mtu aliyecheka hawezi kuwa ameumia. Utetezi huo ulikuwa umeshaanza kumchosha.

— Mimi nasema hivi, akaanza Asilimia. Kamishna mzuri ni yule asiyecheza. Akicheza ana upande.

— Kweli.

— Tena asiwe shabiki wa timu yoyote.

— Kweli kabisa.

— Tena asiupende mpira. Auchukie! Mtu asiyejua kama mpira ni duara au ni pembe nne. Huyo asilimia mia atakuwa wa haki.

— Huyo ni mkeo, akasema Kipa.

— Mke wangu nilimwomba. Kasema ligi yenye watu kama nyinyi haisimamiwi, inaombewa.

— Nyinyi mnabembeleza, Kipa akapandisha sauti. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe! Kamishna ni mkali. Asiyepanga kikosi, ananyang'anywa simu wiki nzima. Akirudia, wiki mbili. Akirudia tena, anasimama pale mlangoni benki badala yangu, jua linamchapa, mimi nimekaa hapa na kahawa.

— Hiyo adhabu ni ya ligi au ni likizo yako?

— Haba na haba hujaza kibaba, akajibu Kipa, na hakuna aliyejua amejibu nini.

— Nyote mmekosea, akasema Mkasi, maana mdomo wake haukuwahi kuomba ruhusa. Kamishna mzuri ni mtu wa mbali. Asiyetujua. Asijue nani ana mgongo, nani ana mama mgonjwa. Atuone kama namba tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Shangazi muuza kahawa, aliyekuwa akimimina bila kumtazama mtu, akasema:

— Si ndivyo mlivyo sasa? Kuna anayemuuliza mwenzake kitu?

Shangazi ana tabia ya kusema jambo na kuondoka nalo kwenye birika, ukitaka kubishana unakuta ameshageukia kikombe kingine.

— Hilo la usimamizi liacheni kwanza, akasema Asilimia. Mimi nataka kujua timu isiyoguswa inaongozaje. Nimepiga hesabu. Asilimia themanini ya pointi tunazopoteza tunazipoteza kwa kuhangaika. Leo umemtoa huyu, kesho anafunga mawili.

— Hakuna! akasema Kipa. Yule anapanga kwa siri. Saa zile tumelala.

— Msimamo ungeonyesha. Wachezaji ni wale wale.

— Basi ana mtu ndani, akasema Kipa.

— Ndani ya wapi?

— Ndani ya mpira! Kipa alisimama kabisa, kikombe mkononi. Fikirini. Kila Ijumaa yule mtu alikuwa anapiga simu. Kweli au uongo? Mtu mwenye tabia hiyo anaiacha? Haiachi. Sasa kama hatupigii sisi, anampigia nani?

— Nani?

— Anawapigia wachezaji wenyewe!

Benchi likalipuka. Asilimia alishika ubao asianguke.

— Hebu fikiria, Kipa akaendelea, akaweka mkono sikioni na kuiga ile sauti ya taratibu ya fundi viatu. Halo, mshambuliaji? Hujambo ndugu yangu? Goti linaendeleaje? Mama amekunywa dawa? Basi kesho jitahidi, funga hata moja, nakutegemea. Wewe ukipigiwa simu hivyo Ijumaa, Jumamosi hufungi?

Wakacheka mpaka Asilimia akafuta machozi. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akawa anatazama kikombe chake.

— Mimi ningefunga, akasema Asilimia kwa sauti ndogo.

Mkasi aliyasikia maneno hayo kifuani. Mwaka ambao mama yake alilazwa, simu ya Ijumaa ilimkuta kwenye korido ya hospitali, amekaa sakafuni. Alisema hajapanga kikosi wala hana haja. Kamishna hakumwambia habari ya kikosi tena. Alikaa naye kwenye simu mpaka daktari akatoka chumbani, na mara nyingi hakuna kati yao aliyekuwa akisema kitu. Hili Mkasi hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya kura alilikumbuka, akaona haya, na kwa ajili ya haya hiyo akasema neno lake kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja, mtu mzima, amevaa sare ya wafanya usafi, kashika mfuko wenye kiatu cheusi cha kazi kilichoachia soli.

— Hamjambo wakubwa. Samahani, fundi viatu wa kile kibanda amehamia wapi?

— Kamishna? akasema Kipa. Huyo anaongoza ligi!

— Tena kwa pointi nyingi, akaongeza Asilimia. Wiki iliyopita nahodha wake peke yake—

— Sijauliza hayo, baba. Nauliza yuko wapi. Mimi nasimama kutwa, mguu wangu mmoja ni mfupi, na yeye ndiye anayejua kuuwekea soli. Nilipita mara ya mwisho nikamkuta anakohoa sana, nikamwambia nenda kapime. Nimerudi, naona chaja.

Benchi lilikuwa na nadharia zote za dunia kuhusu fundi yule, lakini ya kukohoa haikuwemo.

— Mpigieni basi, akasema mwanamke. Si mna namba yake?

Namba walikuwa nayo wote. Mkasi akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Mama wa mtandao akawaambia kwa adabu kwamba namba wanayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, akaambiwa vile vile.

— Ilianza lini kutopatikana?

Kujua ilianza lini kungehitaji kuwa walishawahi kupiga.

— Haya, akasema mwanamke, na sasa alikuwa akiongea nao polepole kama watu wasioelewa. Niambieni jina lake. Nitaulizia sokoni kwa mafundi wenzake, nitaulizia na hospitali.

— Kamishna, akasema Kipa.

— Hilo ni la hapa kwenu. Jina lake anaitwa nani?

Asilimia akafungua simu, akashuka na msimamo kwa kidole kisha akapanda nao tena. Hata mle alijiandikisha Kamishna. Kipa akavua kofia ya kazi na kuitazama ndani. Shangazi aliacha kumimina.

— Mkasi, wewe ulikuwa unakaa naye ubavu kwa ubavu, akasema Asilimia. Mtajie dada wa watu.

Mkasi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mdomo ule haukuwa na kitu. Kila Ijumaa yule mtu alianza simu kwa kumwita jina lake la kuzaliwa, lile la babu yake, ambalo pale kona hakuna mwingine aliyelijua. Kamishna alikuwa amemuuliza siku ya kwanza tu walipokaa pamoja, akalishika. Na Mkasi, misimu yote hiyo, alikuwa akijibu: nambie, Kamishna.

— Silijui, akasema.

Mwanamke akarudisha kiatu kwenye mfuko. Hakuwatukana, na ingekuwa afadhali angewatukana. Alisema asanteni, akageuka kwenda zake.

Mkasi akasimama. Alifunga mlango wa kibanda chake huku gauni la mtu likiwa bado chini ya sindano.

— Dada, ngoja. Jina silijui, lakini sura naijua. Twende wote.

Walikuwa wameshavuka barabara Kipa alipopiga kelele:

— We Mkasi! Hujapanga kikosi! Wanafunga sasa hivi!

Tangu Kamishna aondoke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa benchi kumkumbusha mwenzake.