Kilemba Chekundu Darajani

Fundi viatu alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, ndani ya treni, mpiga picha alikuwa akimlalamikia mama aliyekutana naye kitini.

"Kila wiki nashuka bondeni kupiga picha treni ikivuka lile daraja kubwa. Picha yangu nzuri kuliko zote kaniharibia mama mmoja wa kilemba chekundu. Kajitoa dirishani mpaka kifuani, anapunga mkono."

Mama akagusa kilemba chake. Kilikuwa chekundu.

"Kumbe ndiwe uliyesimama kwenye matope? Nilikusalimia, hukuitikia."

"Mama, nilikuwa kazini."

"Mikono ilishika kamera, sawa. Na kichwa je, baba? Si ungetikisa?"

Moyoni, fundi akampa mama ushindi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Treni ikafika darajani, ikasimama katikati. Kule bondeni alionekana mtu na kamera yake. Mpiga picha, kwa furaha ya kumwona mwenzake, akatoa kichwa nje na kupunga mkono wee. Yule wa chini akamwashiria kwa hasira arudi ndani.

Mpiga picha akaketi taratibu.

"Hana adabu yule," akasema. "Hata salamu hajui kuitikia."