Marehemu Mzee Maurice Wakoli, Mpaka Rangi wa Miguu

Mzee Maurice Wakoli Nalianya alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Misikhu, kifungua mimba wa Mzee Nalianya. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba. Alichapwa kwa kumchora mwalimu ubaoni, kisha mwalimu yule yule akakataza mchoro kufutwa.

Mwaka 1963 alikuja Nairobi, akapanga chumba Kawangware na kuandika mabango ya bucha. Mwaka 1979 aliajiriwa na karakana ya miguu bandia huko Kibera. Miguu ililetwa kutoka ng'ambo ikiwa ya waridi, na kazi yake ilikuwa kuipa rangi ya mwenyewe. Kwanza alipaka tone kwenye ngozi ya mteja. Likipotea machoni, ndiyo hiyo. Mama Filister Awiti, muuza samaki, aliukataa wake. "Wakoli, na kovu yangu ya jembe? Bila hiyo, huu ni mguu ya mtu mwingine." Akamchorea kovu, na Filister akaenda zake akitamba.

Alimwoa Bridgit, msusi, kanisani Riruta mwaka 1969. Nyumbani alikuwa mtani. Chai ikipoa aliisifu mpaka aliyeipika akaona haya.

Ugonjwa wa sukari ulimwandama. Februari 1996 mguu wake wa kulia ulikatwa, na macho yakafifia asiweze tena kuchanganya rangi. Harusi ya bintiye Hope ilikuwa Desemba, naye aliapa hatamsindikiza kwa mguu wa waridi. Ilimuuma sana. Bridgit, ambaye hakuwahi kushika brashi, akaupaka mwenyewe.

"Mum, hii ni rangi yako, si ya Daddy," Hope alisema. Kumbe Bridgit tone alilijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, naye ni mweupe kuliko mumewe. Alilia, akataka kuanza upya.

"Wacha hivyo," Mzee akasema. "Nikiwa na mguu wako, sitaanguka." Akamfikisha Hope madhabahuni.

Figo zilishindwa, akafariki nyumbani tarehe 21 Mei 1998. Ndugu walishauri mguu upewe mhitaji, na ushauri ulikuwa mwema. Bridgit, mwepesi wa kutoa, safari hii alikataa. "Nguo zake zote peaneni. Huu ni mimi."

Amewaacha mjane Bridgit, watoto Hope na Tonny, na mjukuu Marion. Anazikwa leo na mguu wake. Bwana ampumzishe kwa amani; hakuanguka.